Kucheza PS2 na mashine nyingine za zamani kwenye TV ya flati

Arusha na Moshi bado kuna PS2 nyingi zilizofungiwa kabatini, pamoja na PS1 na zile za kaseti zilizonunuliwa watoto wakiwa wadogo. TV ya chogo ilishaondoka, ukutani sasa kuna flati, na siku mashine inapochomekwa matokeo yanasikitisha. Wachezaji wamenenepa, namba ya jezi haisomeki, nyasi zinatetemeka, na ukibonyeza kupiga shuti mpira unaondoka baadaye kidogo. Hapo ndipo mwenye mali anasema mashine imechoka na kumwachia fundi aitoe spea.

Mashine haijachoka. Picha inayotoka ndani yake ni ileile ya siku ilipotoka kwenye boksi. Kilichobadilika ni TV, na kazi yote iliyobaki ni kuifikisha ile picha kwenye kioo kabla haijaharibiwa njiani. Sehemu kubwa ya kazi hiyo haigharimu hata shilingi, kwa hiyo usikimbilie dukani kabla hujafika hatua ya nne.

Kwa nini flati inaivuruga picha

TV ya chogo ilichora picha kwa mwale uliopita kwenye kioo mstari kwa mstari, kutoka juu kwenda chini, mara 50 kwa sekunde kwa mfumo wa PAL tuliokuwa nao sisi, mara 60 kwa mfumo wa NTSC wa Marekani na Japani. PS1, Nintendo 64, Mega Drive na mashine za kaseti zilizozitangulia kwa kawaida hutuma mistari 240 hivi, na kila mzunguko huichora mahali palepale. Hiyo ndiyo 240p. Gemu nyingi za PS2 hutuma 480i, yaani mistari 480 iliyogawanywa mara mbili: ya witiri kwanza, ya shufwa baadaye, au kinyume chake.

Flati haina mwale. Ina vidoti vilivyopangwa, 1,920 kwa 1,080 kwenye Full HD, 3,840 kwa 2,160 kwenye 4K, na kila kidoti lazima kijazwe kitu. Kwa hiyo TV inakisia. Tatizo ni kwamba TV nyingi haziitambui 240p. Zinaichukulia kuwa nusu ya 480i na kuunganisha picha mbili zilizofuatana ambazo mtengenezaji hakukusudia ziunganishwe. Ukitaka kuliona hilo kwa macho, cheza gemu yoyote ya zamani ambayo mhusika akigongwa na adui humetameta kwa sekunde chache. Kwenye chogo alimetameta. Kwenye flati isiyoelewa 240p atatoweka kabisa, au atabaki na michirizi pembeni kama meno ya chanuo.

Hatua ya kwanza: soma kibandiko cha umeme

Hii ni kabla ya kugusa TV. Mashine nyingi zinazouzwa mitumbani zimetoka Japani au Marekani. Japani umeme wa nyumbani ni volti 100, Marekani 120, kwetu ni 230. Geuza mashine usome kibandiko cha nyuma au cha chini. Kikisema 100V au 120V peke yake, usiichomeke ukutani hata kwa kujaribu. Tafuta transfoma ya kushushia umeme, yenye uwezo wa wati zaidi ya zile zilizoandikwa kwenye kibandiko.

PS2 nyembamba za mwanzo, za namba zinazoanzia SCPH-70000, zina adapta ya nje inayotoa volti 8.5, hivyo kwa mashine ya Japani inatosha kubadilisha adapta tu. Zile za SCPH-90000 zina pawa saplai ndani, soma kibandiko. Kwa mashine za kaseti angalia mambo mawili zaidi: kama adapta inatakiwa kutoa AC au DC, na kama upande chanya uko katikati ya pini au nje. Adapta inayoingia kwenye tundu si lazima iwe ndiyo yenyewe. Mega Drive ya kwanza, kwa mfano, ina hasi katikati, wakati adapta nyingi za ving'amuzi na modemu zina chanya katikati.

Hatua ya pili: tafuta mlango wa TV

Geuza TV uangalie nyuma. Unaweza kukuta moja ya hali nne.

Ukikuta matundu matatu ya rangi, njano, nyeupe na nyekundu, una bahati. Chomeka rangi kwa rangi.

Ukikuta matundu matano, mawili yakiwa ya sauti na mengine ya kijani, bluu na nyekundu, angalia maandishi ya lile la kijani. Mara nyingi limeandikwa AV na Y kwa pamoja, na maana yake ni kwamba waya wa njano unaingia kwenye tundu la kijani. Ukishauchomeka, chagua AV kwenye rimoti, siyo Component. Ukiacha kwenye Component utapata picha nyeusi na nyeupe, na watu wengi wakifika hapo huilaumu mashine bure.

Ukikuta tundu dogo la duara lililoandikwa AV IN, ukubwa wa lile la hedifoni, unahitaji waya wenye jeki ya pete tatu upande mmoja na matundu ya rangi upande mwingine. Hapa kuna mtego. Nyaya hizi zinafanana kwa nje lakini mpangilio wa pete ndani unatofautiana, kwa sababu nyingine zilitengenezwa kwa kamera za video. Ukichomeka ukapata mlio wa kukoroma na kioo cheusi, jaribu kuhamisha: njano ya mashine iingie kwenye tundu jekundu la ule waya, halafu kwenye jeupe. Mara nyingi picha inatokea hapo hapo, na unabaki na kazi ya kupanga sauti tu. Ikigoma zote tatu, tatizo ni pete ya ardhi, na dawa ni waya mwingine. Waya uliokuja kwenye boksi la TV ndio wa kutegemea kuliko wote, tafuta kama bado upo.

Hali ya nne ni HDMI peke yake. Ruka hadi hatua ya tano.

Kuna mashine za kaseti zinazotoa picha kwa waya wa antena tu. Matangazo ya analojia yalizimwa Arusha na Moshi mwaka 2013, lakini TV nyingi bado zina tyuna ya analojia ndani. Tafuta chaneli kwa njia ya Manual, upande wa Analogue, huku mashine ikiwa imewashwa. Famicom halisi ya Japani ya mwaka 1983 ni kesi tofauti: inarusha kwenye masafa ya Kijapani ambayo tyuna zetu kwa kawaida hazifiki. Hiyo mpelekee fundi aitolee waya wa AV, ni kazi ya transista moja na vitu vidogo vichache.

Hatua ya tatu: rekebisha TV yenyewe

Hapa ndipo ninapokuomba utulie, kwa sababu ndipo picha inapookolewa bure.

Anza na umbo. Mashine hizi zilichora picha ya 4:3, TV yako ni 16:9, na TV ikiachiwa itaivuta ijae ukuta. Ingia kwenye Picture, tafuta Aspect Ratio au Picture Size, weka 4:3. Pembeni patabaki peusi, na hapo ndipo mpira unakuwa mviringo tena na wachezaji wanarudi kwenye miili yao. Najua wenye TV kubwa wanaumia kuona sehemu ya kioo haitumiki. Cheza nusu saa kisha urudishe 16:9, uone kama utavumilia.

Pili, chagua Game kwenye aina za picha, au washa Game Mode kama imewekwa peke yake. Kazi yake ni kuizuia TV isiipake picha rangi na kuilainisha kabla ya kuionyesha, maana huko ndiko muda unakopotelea. Mzunguko mmoja wa NTSC ni milisekunde 16.7 na wa PAL ni 20, na TV inaweza kula mizunguko kadhaa bila wewe kujua. Kipimo kizuri ni gemu ya mpira. Bonyeza kitufe cha shuti uangalie ule mstari wa nguvu unaojaa chini ya kioo. Ukianza kujaa kidole kikiwa kimeshatoka kwenye kitufe, TV inachelewesha. Kama TV haina Game Mode, jaribu kubadilisha jina la mlango wa HDMI uwe PC. Kwenye Samsung na LG nyingi hilo peke yake hupunguza kazi inayofanywa kwenye picha.

Tatu, zima kila kinachojifanya kinasaidia: Noise Reduction, Motion, Dynamic Contrast, Eco. Sharpness ishushe pole pole ukiangalia maandishi ya menyu ya gemu. Pale ule mstari mweupe unaozunguka herufi unapoisha, ndipo uiache.

Kumbuka TV nyingi hutunza mipangilio kwa kila mlango peke yake. Uliyoweka kwenye AV hayatakufuata ukihamia HDMI.

Picha ikija nyeusi na nyeupe ilhali waya uko mahali pake, tafuta Colour System na uijaribu Auto, PAL na NTSC. Ikigoma kote, na mashine yako ni PS1 iliyochipiwa (iliyowekewa chipu ya kuondoa kizuizi cha diski) ikicheza diski ya nchi nyingine, huo ni ugonjwa unaojulikana: mashine inabadilisha kasi ya picha lakini rangi inatoka kwa hesabu isiyolingana, na TV haiitambui. Kubadilisha TV kunaweza kusiisaidie. Dawa ni kuachana na waya wa njano, jambo linalotuleta kwenye hatua inayofuata.

Hatua ya nne: achana na waya wa njano

Kama utafanya kitu kimoja tu katika mwongozo huu kinachotaka hela, kiwe hiki. Waya wa njano unabeba mwanga na rangi zikiwa zimekorogwa pamoja, na TV inalazimika kuzitenganisha upya. Ule ukungu kwenye kingo na vile vidoti vinavyotambaa kwenye rangi nyekundu vinatoka hapo. Hakuna kiboksi, hata cha bei gani, kitakachorudisha kilichoshapotea ndani ya waya huo.

Kwa PS2, njia bora ni waya wa komponenti, wenye vichwa vitano. Habari njema ni kwamba PS1, PS2 na PS3 zina tundu moja la AV, kwa hiyo waya wa komponenti wa PS3 unafanya kazi kwenye PS2. Ukizunguka kwa wauza vifaa vilivyotumika, uliza wa PS3, utaupata kirahisi kuliko wa PS2. (PS1 haitoi komponenti, usiununue kwa ajili yake.)

Kabla hujauchomeka, fanya hivi ukiwa bado kwenye waya wa njano. Washa PS2 bila diski. Chagua System Configuration, shuka hadi Component Video Out, badilisha kutoka RGB kwenda Y Cb/Pb Cr/Pr. Zima, hamisha waya, washa. Ukiruka hatua hii utapata picha ya kijani au zambarau.

Sasa unaweza kuomba zaidi. Baadhi ya gemu hutoa 480p, yaani mistari yote 480 kwa mkupuo, bila kugawanywa. Gran Turismo 4 toleo la Marekani ina chaguo hilo kwenye menyu yake, na hata 1080i. Tekken 4 ya Marekani inataka ushikilie pembetatu na X wakati inafunguka. Matoleo ya PAL mara nyingi yalinyimwa, na juu ya hapo gemu nyingi za PAL hukimbia kwa kasi ya 50 na huwa na mikanda myeusi juu na chini. TV za sasa zinapokea 60 bila shida, hivyo ukiwa na uchaguzi chukua toleo la NTSC. Mwenye kucheza kwa Open PS2 Loader, programu ya kufungulia gemu bila diski, anaweza kulazimisha 480p kwa kuwasha GSM (kipengele chake cha kubadilisha aina ya picha) kwenye mipangilio ya gemu husika. Gemu nyingine zitakubali, nyingine video zake zitakwama, na hapo unaizima tu.

Tahadhari moja: diski za PS1 ndani ya PS2 bado hutoka kwa 240p, na TV nyingi hukataa 240p kwenye komponenti. Kioo kikiwa cheusi kwa diski za PS1 tu, ndiyo sababu. Kwa hizo rudi kwenye njano.

Mega Drive na PS1 zinatoa RGB, yaani nyekundu, kijani na bluu kila moja kwa njia yake, bila kufunguliwa, ukipata waya wa SCART (ile plagi pana ya TV za Ulaya) wa kwake. Nintendo 64 haitoi RGB mpaka ifanyiwe kazi na fundi. TV zinazouzwa kwetu sasa ni nadra kuwa na SCART, kwa hiyo RGB itahitaji kiboksi.

Hatua ya tano: kiboksi, kama hakuna njia

Kiboksi cha bei rahisi ambacho kila duka la simu linacho ni AV2HDMI. Soma herufi kabla ya kulipa, maana kuna ndugu yake HDMI2AV wa umbo lilelile anayefanya kazi kinyume, na wauzaji huwachanganya. Cha kwako kina matundu matatu ya rangi yaliyoandikwa IN na HDMI iliyoandikwa OUT. Kipe umeme kwa chaja ya simu, kwa sababu USB ya TV wakati mwingine haitoshi na picha inakatikakatika. Kitakupa picha, lakini kinavuta kwenda 16:9, hakielewi 240p, na kinachukua ule ule waya wa njano. Mimi nakichukulia kuwa cha dharura, kwa TV yenye HDMI tu.

Kwa mwenye PS2, kile kiadapta kidogo cha PS2 kwenda HDMI kinachochomekwa moja kwa moja nyuma ya mashine ni bora zaidi kwa bei inayokaribiana, kwa sababu kinachukua komponenti. Mipangilio ya Y Cb/Pb Cr/Pr inakihusu vilevile. Hakikuzi picha, kinaigeuza tu kuwa HDMI, hivyo kazi ya kukuza inabaki kwa TV. Washa Game Mode.

Juu ya hapo kuna vifaa vilivyotengenezwa na watu wanaozielewa mashine hizi. OSSC huchukua kila mstari na kuurudia mara mbili, tatu au zaidi, karibu bila kuchelewesha chochote. Kasoro yake ni kwamba baadhi ya TV hukataa inachotoa. RetroTINK-2X ni nyepesi kutumia: unachomeka, inafanya kazi. RetroTINK 5X hufika 1440p, na kaka yake hufika 4K. Zote zinaitambua 240p kama ilivyo, na ule mmetameto unarudi. Huzikuti kwenye rafu za Arusha, zinaagizwa nje, na usafiri na ushuru uviweke kwenye hesabu kabla ya kuamua.

Njia ya katikati ninayoipenda kwa mazingira yetu ni bodi ya kugeuza picha ya GBS-8200 iliyowekewa kijibodi cha ESP8266 chenye programu ya GBS-Control. Vyote viwili ni bei ndogo, maelekezo yake yako wazi mtandaoni, na fundi yeyote wa redio wa Ngarenaro au Majengo anayeshika lehemu vizuri ataimaliza. Inapokea komponenti na RGB, inaelewa 240p, na inatoa VGA. Na hapo ndipo zile monita za ofisini za inchi 17, ambazo maduka ya kompyuta zilizotumika yanazirundika kwa kukosa wateja, zinapopata kazi. Umbo lake ni 5:4, karibu sana na 4:3, na picha ndogo husamehe mengi.

Kama bado una chogo

Usiitupe. Hakuna flati inayoonyesha 240p kama chogo, na bastola za gemu, ile ya Nintendo au GunCon ya PS1, hazifanyi kazi kabisa kwenye flati, kwa sababu zinategemea mwanga wa ule mwale unapopita kwenye kioo. Ikiharibika mpelekee fundi wa TV, usiifungue mwenyewe. Kioo chake hutunza umeme wa volti zaidi ya 20,000 ambao hubaki hata baada ya kuchomoa.

Mwisho ni mpangilio wa kuchomeka, hasa kwa sisi ambao umeme hukatika na kurudi kwa kishindo. Zima na chomoa mashine, kiboksi na TV, unganisha nyaya zote za picha, halafu chomeka kila kitu kwenye ekstensheni moja yenye kinga. Washa TV kwanza, kiboksi pili, mashine mwisho. Umeme ukikatika, chomoa ekstensheni ukutani na usubiri dakika chache baada ya kurudi ndipo uichomeke tena.